Umetuma 37, Mashine Imepokea 51 na 55

Majibu ya maswali ya wasomaji kuhusu elektroniki na programu

Barua tatu za toleo hili zimetoka sehemu tofauti za Dar es Salaam, lakini zote zinauliza jambo moja kwa sura tatu: namba inayotumwa kwa waya au kwa Bluetooth inafikaje ndani ya mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, na kwa nini mara nyingine haifiki kama ilivyotumwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Tandika, na pembeni ninafuga kuku wa kienyeji. Nimetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa boksi la mbao, balbu mbili, feni ya kompyuta na bodi ya Arduino Uno. Kipimajoto kinasoma vizuri, na rilei inawasha na kuzima balbu bila shida. Nilitaka kuongeza uwezo wa kubadilisha joto lengwa kutoka kwenye simu, kwa kupitia moduli ya Bluetooth ya HC-05 niliyoinunua Kariakoo, ili nisilazimike kuchomeka kompyuta kila mara. Tatizo ni kwamba nikituma 37, programu inaniambia imepokea 51, halafu 55, halafu 13, halafu 10. Kijana mmoja alinishauri nitumie amri ya Serial.parseInt, nayo ikasoma 37 sawasawa, lakini baada ya kama sekunde moja joto lengwa linageuka kuwa 0 na balbu zinazimika. Nimenunua moduli nyingine nikidhani ya kwanza ni mbovu, hali ikawa ile ile. Kosa liko wapi?
Fundi, Tandika

JIBU: Ndugu Fundi, moduli zako zote mbili ni nzima, na zile namba nne ulizoziona ndizo ushahidi. Simu haikutuma thelathini na saba. Ilituma maandishi, yaani alama ya 3, kisha alama ya 7, kisha alama mbili zisizoonekana za kumaliza mstari. Kila alama husafiri ikiwa baiti moja, yaani namba kati ya 0 na 255, na thamani ya baiti hiyo imepangwa katika jedwali la ASCII, lililotolewa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Katika jedwali hilo alama ya 0 ina thamani 48, alama ya 1 ina 49, na hesabu inaendelea kwa mpangilio huo huo hadi alama ya 9 yenye 57. Ndiyo maana 3 imekufikia ikiwa 51 na 7 ikiwa 55. Baiti yenye thamani 13 ni alama ya kurudi mwanzo wa mstari, na yenye thamani 10 ni alama ya kuanza mstari mpya. Programu nyingi za simu huziongeza mwishoni mwa ujumbe bila kumuuliza mwenye simu.

Kwa kuwa tarakimu zimepangwa kwa mfululizo, kuzirudisha katika thamani yake ni rahisi: toa 48 kwenye baiti iliyofika. Huna hata haja ya kuikumbuka hiyo 48, kwa sababu ukiandika h - '0' bodi yenyewe inajua kuwa '0' ni 48. Kisha namba yenye tarakimu kadhaa hujengwa hatua kwa hatua, kwa kuzidisha kilichopo kwa kumi na kujumlisha tarakimu mpya. Tuseme inayokuja ni 375. Jumla inaanza ikiwa 0. Inafika 3, nayo jumla inakuwa 0 mara 10 kujumlisha 3, yaani 3. Inafika 7, inakuwa 37. Inafika 5, inakuwa 375. Hakuna uchawi mwingine hapo.

Palipo pagumu ni kujua namba imekwisha lini. Kwa kasi ya baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, kila baiti hubebwa na biti kumi: moja ya kuanzia, nane za data na moja ya kumalizia. Kwa hiyo laini hupitisha baiti 960 kwa sekunde, na alama moja huchukua zaidi kidogo ya milisekunde moja. Kwetu sisi huko ni kufumba na kufumbua, lakini prosesa ya Uno inayokwenda kwa megahezi 16 hupiga hatua zaidi ya 16,000 katika muda huo. Ukiiambia programu isome mradi tu kuna kitu kimefika, itachukua 3, itakuta hakuna kingine kwa sababu 7 bado iko njiani, itaamua kwamba namba imekwisha, na joto lengwa litakuwa 3. Punde litakuwa 7. Alama hushuka moja moja kama abiria wa daladala, na dereva haondoki kwa sababu tu ameuona mlango uko wazi bila mtu, bali hungoja kondakta apige bodi ya gari. Kondakta wako ni ile baiti ya 10.

Wapo wanaoponya tatizo hili kwa kuweka delay, yaani amri ya kungoja, ya milisekunde kadhaa baada ya kila alama, ili inayofuata ipate muda wa kufika. Dawa hiyo siipendi. Inafanya kazi mezani, kisha inashindwa siku ambayo simu iko mbali na Bluetooth inatuma alama kwa mafungu yenye mapengo kati yake.

Sasa tuje kwenye parseInt, ambayo imekuletea kizaazaa kikubwa kuliko kile cha mwanzo. Amri hiyo huruka alama zisizo tarakimu, hukusanya tarakimu inazozikuta, na husimama inapokutana na alama nyingine au muda wa kungoja unapokwisha, ambao kwa kawaida ni milisekunde 1000. Ulipotuma 37 na alama zake mbili za mwisho, ilikusanya 3 na 7, ikaiona baiti ya 13, ikaiacha pale pale na kukurudishia 37. Programu yako ikazunguka, ikauliza kama kuna kitu kimefika, ikajibiwa kwamba kipo, kwa maana zile alama mbili bado zilikuwa zimekaa. Ikaiita parseInt mara ya pili; nayo ikaruka 13 na 10, ikangoja tarakimu kwa sekunde nzima, haikuiona, ikarudisha 0. Sekunde uliyoihesabu ndiyo hiyo. Ile 0 haikuwa namba bali ni njia ya parseInt ya kusema kwamba imengoja ikakosa, na kwa bahati mbaya inalisema hilo kwa thamani ambayo haitofautiani na 0 halisi iliyotumwa na mtu.

Ungeweza kuizuia simu isitume alama za mwisho, na 0 ingetoweka. Lakini hapo parseInt isingekuwa na namna ya kujua kwamba namba imekwisha, hivyo kila ukituma ingengoja sekunde nzima, na katika sekunde hiyo bodi haisomi kipimajoto wala haiamui lolote kuhusu balbu. Kwa zoezi la darasani la kuwasha taa, parseInt inafaa sana. Kwa mayai yaliyofika siku ya kumi na nane siishauri.

Ninachokushauri ni kukusanya tarakimu wewe mwenyewe bila kungoja, na kubadilisha joto lengwa pale tu alama ya mstari mpya inapofika. Ushauri wa pili ni kutuma joto kwa sehemu za kumi za nyuzi. Yai la kuku katika mashine yenye feni linahitaji karibu nyuzi 37.5, na 37 kamili si sawa na hiyo. Ukituma 375 unapata nusu hiyo bila kuhangaika na nukta ya desimali. Msimbo wenyewe ni huu:

```
int lengo = 375;
int jumla = 0;
byte idadi = 0;
bool mbovu = false;

void somaLaini() {
  while (Serial.available() > 0) {
    char h = Serial.read();
    if (h == '\r') continue;
    if (h == '\n') {
      if (idadi > 0 && !mbovu && jumla >= 350 && jumla <= 390) {
        lengo = jumla;
        Serial.println(lengo);
      }
      jumla = 0;
      idadi = 0;
      mbovu = false;
    } else if (h >= '0' && h <= '9' && idadi < 4) {
      jumla = jumla * 10 + (h - '0');
      idadi++;
    } else {
      mbovu = true;
    }
  }
}
```

Iite somaLaini katika kila mzunguko wa programu. Isipokuta kitu inatoka mara moja. Ikikuta alama moja inaihifadhi na kutoka, kisha inaendelea kuijenga namba hiyo hiyo mzunguko unaofuata, kwa sababu jumla na idadi zimetangazwa nje ya amri na hazifutiki. Kikomo cha tarakimu nne nimekiweka kwa makusudi: katika Uno, int, yaani namba nzima ya kawaida, haiwezi kubeba zaidi ya 32,767, na mtu akibonyeza 99999 kwa bahati mbaya, jumla ingefurika na kugeuka namba nyingine kabisa. Mipaka ya 350 na 390 ni ya kwangu, unaweza kuibadilisha, lakini usiiondoe. Mashine inayolinda mayai haitakiwi kukubali lolote inaloambiwa. Angalia pia kwamba bodi inairudisha namba iliyoikubali, ili ukiona kimya kwenye simu ujue ujumbe wako umekataliwa.

Jambo moja nje ya swali lako, kwa kuwa umetaja HC-05: pini yake ya kupokea imeundwa kwa volti 3.3, ilhali Uno hutoa volti 5. Weka rezista ya kiloomu 1 kutoka pini ya kutuma ya Uno hadi pini ya kupokea ya moduli, kisha rezista ya kiloomu 2 kutoka hapo hadi GND, yaani pini ya volti 0. Kwa pini ya upande wa pili hakuna haja.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma chuo na ninaishi Kigamboni. Mradi wangu ni mkono wa roboti wenye servo tatu, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinayoambiwa. Kompyuta ndogo inatuma pembe tatu kwa mstari mmoja, kwa mfano 90,45,120, mara 50 kwa sekunde, kwa baudi 9600. Ninasoma hadi alama ya mstari mpya, ninakata kwenye mikato, ninageuza kuwa namba. Kwa muda mrefu mkono unatulia, kisha ghafla servo ya pili inaruka hadi karibu na mwisho na kurudi. Mstari unaotumwa nimeuhakiki, hauna kosa. Katika programu yangu kuna delay(500) baada ya kuonyesha pembe kwenye kioo cha LCD.
Mwanafunzi, Kigamboni

JIBU: Umelitaja kosa mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Wakati programu yako imelala kwenye delay, alama zinazoendelea kufika huhifadhiwa katika bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo baiti hungoja kusomwa. Katika Uno bafa hiyo ina nafasi 64, na moja huachwa wazi, kwa hiyo zinazoingia ni 63. Mstari wako, pamoja na alama ya mwisho, ni baiti 10. Kwa mistari 50 kwa sekunde, nusu sekunde ya kulala inaleta baiti 250. Mistari sita ya mwanzo inaingia kamili, mstari wa saba unaingiza alama tatu tu, 90 na mkato wake, kisha bafa imejaa na kila kinachofuata kinatupwa bila taarifa yoyote.

Sasa fikiria programu inapoamka na kuanza kumwaga bafa. Nafasi zinapatikana, na alama zinazoingia ni zile zinazopita laini kwa wakati huo, ambazo zinaweza kuwa katikati ya mstari mwingine kabisa. Kama ni kuanzia 5 ya ile 45, kitakachosomwa ni kipande cha mstari wa saba kilichoungwa na mkia wa mstari wa baadaye: 90,5,120. Huo ni mstari halali kwa macho ya programu. Una namba tatu, mikato miwili, na kila pembe iko kati ya 0 na 180. Servo ya pili inatii na kwenda nyuzi 5, kisha mstari mzima unaofuata unairudisha 45. Hakuna hakiki ya mipaka itakayolikamata kosa la namna hiyo.

Ondoa delay, na kioo cha LCD ukisasishe kwa kulinganisha millis, yaani saa ya ndani ya bodi, na wakati wa mara ya mwisho, ili laini isomwe bila kukatizwa. Hilo litaponya karibu tatizo lote. Kwa kilichobaki, ongeza namba ya nne ambayo ni jumla ya tatu za mwanzo. Mstari 90,45,120 utakwenda ukiwa 90,45,120,255, nayo bodi itajumlisha yenyewe na kulinganisha. Kipande kilichoungwa vibaya, 90,5,120,255, kinatoa 215 na kutupwa. Zipo njia za kuhakiki zenye nguvu zaidi, lakini kwa waya wa USB wenye urefu wa mita moja hii inatosha.

Kuhusu kugeuza maandishi kuwa namba, atoi ina kasoro ile ile ya parseInt: ikipewa maandishi yasiyo namba inarudisha 0. Tumia strtol, ambayo inakuonyesha mahali iliposimama, hivyo unaweza kujua kama imesoma tarakimu hata moja. Na kama unakusanya mstari kwa String, yaani maandishi ambayo urefu wake hubadilika, hamia kwenye safu ya char, yaani orodha ya alama, yenye urefu uliowekwa kikomo; Uno ina kumbukumbu ya baiti 2048 tu, na String zinazoundwa na kufutwa mara 50 kwa sekunde huikatakata vipande vipande.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina bodi mbili, Arduino Uno na ESP32, zinazotumiana vipimo vya kina cha maji kwenye tangi. Rafiki yangu ananiambia ninapoteza muda kutuma maandishi, kwamba nitume baiti mbili ghafi kwa Serial.write badala ya tarakimu nne na alama ya mwisho. Je, ana haki? Pia nikiunganisha bodi hizo, Uno inakataa kupokea programu mpya kutoka kwenye kompyuta.
Msomaji, Ubungo

JIBU: Kwa hesabu ana haki. Namba 1000 ikiandikwa kwa maandishi na alama ya mwisho ni baiti 5, ambazo kwa baudi 9600 huchukua milisekunde 5 na kitu. Ikitumwa ghafi ni baiti 2, yaani 3 na 232, kwa kuwa 3 mara 256 kujumlisha 232 ni 1000, na zinafika kwa milisekunde 2 hivi. Lakini kina cha maji ya tangi hakibadiliki kwa milisekunde 3, na bei ya kuziokoa ni kubwa. Baiti moja ikipotea, mpokeaji ataanza kuoanisha vibaya: 232 itachukuliwa kuwa ya kwanza na 3 kuwa ya pili, na kina kitasomeka 59,395, au katika int ya Uno, hasi 6,141. Hali hiyo itaendelea mpaka ipotee baiti nyingine au mtu azime bodi. Huwezi kutegemea alama ya mstari mpya kukuokoa, kwa sababu katika data ghafi thamani 10 inaweza kuwa sehemu ya kipimo chenyewe. Maandishi yana neema kwamba tarakimu haziwezi kufanana na alama ya mwisho, hivyo mstari ukiharibika, unaofuata unaanza upya salama.

Ukiamua kwenda na data ghafi hata hivyo, usitume int nzima kama ilivyo kutoka bodi moja hadi nyingine. Katika Uno int ni baiti 2, katika ESP32 ni baiti 4, na bodi ya pili itasoma namba isiyokuwepo. Tangaza int16_t, ambayo ni baiti 2 popote, pande zote mbili.

Kwa tatizo la pili, Uno ina laini moja tu ya siriali ya maunzi, iliyo kwenye pini 0 na 1, na hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa na USB kupokea programu. ESP32 ikiwa imeunganishwa hapo, sauti mbili zinazungumza kwenye waya mmoja na upakiaji unakwama. Chomoa waya wa pini 0 unapopakia, kisha urudishe. Hakikisha pia kwamba pini ya kutuma ya upande mmoja inaingia kwenye pini ya kupokea ya upande wa pili, na kwamba GND za bodi zote mbili zimeunganishwa. Bila GND ya pamoja utapata alama za ajabu hata kama kasi ya baudi ni sawa pande zote. ESP32 nayo ni ya volti 3.3, kwa hiyo zile rezista mbili nilizomtajia fundi wa Tandika ziweke kwenye waya unaotoka pini 1 ya Uno kwenda ESP32.